Kutoa tenki la petroli kwenye gari la zamani: maswali ninayoulizwa kila wiki

Gereji yangu iko Nakuru, na mengi ya magari yanayoingia hapa yamenizidi umri: Volkswagen Beetle za miaka ya 1960, Land Rover za Series, na Peugeot 404 na 504, zile Pijo zilizobeba abiria kati ya Nairobi na magharibi kabla matatu za leo hazijazaliwa. Napigiwa simu kutoka Kisumu, Kakamega, Bungoma na Kericho, na mara nyingi swali ni hilo hilo: tenki nalitoaje? Majibu yangu ni haya. Kama una haraka, ruka mengine yote lakini usiruke jibu la pili.

Fundi, nitajuaje kwamba lazima tenki litoke?

Harufu ya petroli asubuhi kabla hujawasha gari. Filta inayojaa uchafu wa rangi ya chai kila baada ya siku chache. Jasho la mafuta kwenye mshono wa tenki, hasa upande wa chini ambako matope hukaa. Gari lililosimama miaka mingi kwenye boma nalo litolewe tenki kabla hujajaribu kuliwasha, maana petroli iliyolala hugeuka kitu kama vanishi, na ukiivuta mpaka kwenye kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, utakuwa umejiongezea kazi ya pili.

Kama ni mpira tu unaovuja, badilisha mpira. Usitoe tenki bure.

Tenki likiwa tupu, hatari si imekwisha?

Hapana. Hapo ndipo hatari inapoanza, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika ukurasa huu.

Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mvuke ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa yote, cheche moja inatosha. Tenki lililojaa pomoni halina nafasi ya hewa ndani. Tenki lililobaki na kikombe kimoja cha petroli lina mvuke, lina hewa, na limefungwa pande zote kama chupa. Tena petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo usijidanganye kwamba asubuhi ya Nakuru yenye ukungu ni salama.

Nilipokuwa mwanagenzi Kisumu, gereji niliyofanyia kazi ilikuwa na tenki lililokaa nje wiki tatu, kifuniko wazi, juani. Lilinuka kidogo sana. Fundi wa kulehemu aliinama akanusa, akasema limekauka, akawasha mwali. Nilikuwa mbali kama hatua kumi na tano, nimeshika karai la nati. Sikusikia mlio kama ninavyousikia kwenye filamu. Nilihisi kifua kikisukumwa, halafu ubavu wa tenki ukapita juu ya mabati. Alipona, lakini mkono wa kulia haukurudi kunyooka. Kilichobaki machoni mwangu mpaka leo ni kiatu chake kimoja, kimesimama pale pale alipokuwa, kamba zikiwa bado zimefungwa.

Mle ndani petroli ilikuwa imejificha chini ya magamba ya kutu na kwenye mikunjo ya mshono. Moto ulipopasha bati, ikatoka. Pua haiwezi kukuambia kilichoko chini ya gamba la kutu. Kwa hiyo kila nitakachosema kuanzia hapa, kichukulie kwamba tenki lina mvuke hata kama liko kavu.

Nifanyie kazi hii wapi?

Nje, penye upepo, juu ya ardhi tambarare. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu mpaka nne, kwa hiyo haupandi angani ukapotea; unateremka, unatambaa chini, unatafuta shimo. Shimo la gereji la kukagulia magari ndipo mahali pabaya kuliko pote. Utakuwa umesimama ndani ya bwawa usiloliona.

Angalia pia kilichoko upande upepo unakoelekea. Mama wa chapati mwenye jiko la makaa mita ishirini kutoka kwako anakuhusu. Mwendee kwa heshima, mweleze, umwombe asogee au wewe usogee. Kisumu napendekeza kuanza saa moja asubuhi kabla jua halijachoma, kwa sababu joto huongeza mvuke, na alasiri mvua inaweza kukukuta tenki liko wazi.

Kizima moto cha unga kavu kiwe karibu, na ndoo mbili za mchanga mkavu. Maji hayazimi petroli, huisambaza. Vaa ovaroli ya pamba, siyo jaketi la nailoni linalotoa cheche ukilivua. Simu ikae mfukoni mwa mtu mwingine.

Naweza kuvuta petroli kwa mpira na mdomo kama tulivyozoea?

Tafadhali usifanye hivyo. Najua kila fundi wa jua kali amewahi, nami nimewahi. Tone dogo likiingia njia ya hewa badala ya tumbo, mapafu yanaungua, na mgonjwa anaweza kuonekana mzima saa kadhaa kabla hajaanza kushindwa kupumua. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu petroli ikirudi juu ndiyo inayopata nafasi ya kuingia kwenye mapafu. Mpeleke hospitali.

Tumia pampu ya mkono, ile ya kubonyeza, inauzwa kwenye maduka ya spea. Matenki mengi ya zamani yana nati ya kumwagia chini kabisa. Ilegeze taratibu huku chombo kiko tayari. Mtungi uwe wa chuma au ule uliotengenezwa kwa mafuta, nao ukae ardhini. Usiujazie ndani ya buti au juu ya kiti. Unganisha mtungi wa chuma na tenki kwa waya kabla ya kuanza, ili umeme tuli usiruke kati yao. Pampu ya umeme ya maji usiikaribishe hapo.

Petroli ile kuukuu niipeleke wapi?

Isiingie kwenye mtaro. Hapa Nakuru maji ya mitaro ya mvua huishia ziwani, na Ziwa Nakuru halina mto unaotoka, kinachoingia kinabaki. Kisumu, Mto Kisat unapita eneo la viwanda na kumwaga kwenye Ghuba ya Winam, ambako watu wanavua. Iweke kwenye mtungi uliofungwa na kuandikwa, uipeleke kwa wanaokusanya mafuta machafu.

Na usimpe mtu yeyote anayekuomba "kidogo tu ya kuwashia". Petroli ikichanganywa na mafuta ya taa kwenye stovu au koroboi, inalipuka usoni mwa anayepika, na mara nyingi huyo ni mtoto au mama. Hata akikulilia, mnyime.

Kunawia mikono petroli pia acha. Tope lililoganda ndani ya tenki la miaka ya 1970 ni la enzi za petroli yenye risasi, ambayo Kenya iliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Vaa glavu, na usile mpaka umenawa kwa sabuni.

Natenganisha kitu gani kwanza?

Betri, upande wa hasi kwanza, na uiondoe kabisa garini kabla hujafungua tone la petroli. Watu wengi hufanya kinyume: wanamwaga mafuta, kisha wanakumbuka betri, na ile cheche ndogo ya kung'oa kishikizo inatokea penye mvuke.

Tenki la Beetle linatokaje?

Hili ndilo rahisi kuliko yote, na ukitaka kujifunza anzia hapa. Injini iko nyuma. Tenki, la lita 40 hivi, liko mbele chini ya boneti. Kwa hiyo linatoka kwa juu, huhitaji kulala chini ya gari isipokuwa kwa kitu kimoja.

Toa gurudumu la akiba na lile kadibodi linalofunika. Petroli ishatolewa yote. Kama gari ni la modeli ya 1968 kuja huku, kijilango cha kujazia kiko nje upande wa kulia, na utalegeza mpira mnene wa kujazia pamoja na vipira vidogo vya kupumulia. Yaliyotangulia hayo, kifuniko kiko juu ya tenki lenyewe chini ya boneti. Fungua muunganisho wa geji, kile kipimo cha mafuta. Kwenye modeli za 1962 mpaka miaka kadhaa baadaye si waya wa umeme bali ni kebo, usiikate ukidhani ni waya mbovu. Za kabla ya 1962 hazina geji kabisa. Dereva aliteka akiba kwa kugeuza mpini sakafuni mafuta yakimwishia, na mpini huo pia una fimbo yake ya kutenganishwa.

Kitu kile kimoja cha chini ni mpira unaotoka kitako cha tenki kwenda kwenye bomba la chuma linalopita katikati ya gari hadi nyuma. Ubane, uuchomoe, kisha ziba bomba. Sasa bolti nne za pembeni zenye vibao vya kubania, kwa kawaida spana ya 13. Tenki limekalia ukanda wa mpira au sponji uliogandia rangi, kwa hiyo halitanyanyuka mara moja. Tingisha upande mmoja, kisha wa pili, kama unavyong'oa sufuria ya ugali iliyoshika. Usilichokonoe kwa bisibisi. Bati la pale ni jembamba.

Ukiona ukanda huo umelowa au una harufu, tupa, weka mpya.

Na Land Rover Series?

Kwenye ile fupi ya inchi 88, tenki la lita 45 hivi liko chini ya kiti cha kulia. Wenye gari husahau kwamba wanakalia petroli miaka yote hiyo.

Toa mto wa kiti, kisha skrubu za kile kibao cha chuma kilicho chini yake. Hapo utaona juu ya tenki: waya wa geji na bomba la kupeleka mafuta. Kando kuna mpira wa kujazia na mpira wa kupumulia. Mwaga mafuta kwa nati ya chini. Tenki lenyewe linateremka chini, tofauti na Beetle, kwa hiyo egemeza jeki yenye ubao mpana kabla hujalegeza bolti za mwisho.

Ugumu wa Land Rover uko kwenye mabano ya chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, yanayolishika tenki. Bodi ni aluminiamu, haina kutu, nayo inamdanganya mtu. Chesisi ni chuma cha kawaida. Ukigonga bano likatoa sauti ya maboga badala ya sauti ya chuma, acha tenki kwanza, shughulikia chesisi.

Pijo na saloon nyinginezo zenye tenki chini ya buti?

Gari liinuliwe nyuma na likae kwenye stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi, na tofali za saruji hupasuka bila kuaga. Magurudumu ya mbele yawekewe mawe. Fungua mpira wa kujazia kutoka ndani ya buti, kisha waya wa geji, kisha bomba. Mikanda au bolti za tenki ziwe za mwisho kabisa. Kabla ya kuteremsha mpaka chini, teremsha kiasi cha kiganja uangalie juu ya tenki: mara nyingi kuna kipira cha kupumulia ambacho hakuna aliyekwambia kipo.

Piga picha kila kiungo kabla hujaanza kufungua mafuta. Miezi mitatu baadaye utazishukuru.

Bolti zimegoma kabisa. Nikate na grainda?

La. Grainda inamwaga cheche kama fataki. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, urudie asubuhi, urudie tena. Safisha nyuzi zinazochungulia kwa brashi ya shaba. Kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze; bolti nyingi hukubali kwa mtindo huo. Ikishindikana, nakata kwa msumeno wa chuma wa mkono, polepole, huku mwanagenzi akidondoshea oili, tenki likiwa limeshamwagwa na matundu yote yamezibwa. Inachukua nusu saa. Nusu saa ninayo.

Naweza kufanya peke yangu?

Beetle, ndiyo, ingawa awepo mtu wa kukuangalia. Nyingine, muwe wawili. Kwa uzito, lita moja ya petroli ina robo tatu ya kilo hivi, kwa hiyo lita 20 ulizoacha ndani kwa uvivu ni kilo 15 zinazoyumba huku na huko juu ya uso wako.

Kutu ya ndani nitaitoaje?

Kwanza osha mara kadhaa kwa maji moto na sabuni ya unga, mpaka maji yanayotoka hayana rangi ya upinde wa mvua juu. Baada ya hapo kuna njia ya kienyeji ya kutingisha tenki lenye kokoto au nati za zamani. Inafanya kazi kwa magamba makubwa, ila hesabu nati zako ukiingiza na ukitoa.

Njia ninayoipenda ni ya magadi. Jaza tenki maji mpaka juu, tia magadi soda kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne au tano. Ning'iniza kipande cha nondo kwenye tundu la geji, kimeshikwa na ubao ili kisiguse tenki popote. Chaja ya betri ya volti 12: nyekundu kwenye nondo, nyeusi kwenye tenki. Ukizikosea, utalila tenki badala ya kulisafisha. Baada ya dakika chache utaona povu la kahawia likipanda kwenye nondo. Tenki nalo linatoa haidrojeni, gesi inayowaka, kwa hiyo kazi hii iwe nje, mbali na moto, na zima chaja ukutani kabla ya kugusa vibanio. Usitumie kijiko au chuma kisichoshika kutu badala ya nondo, kwa kuwa maji yake hugeuka sumu.

Iache usiku kucha. Asubuhi mwaga, suuza, na ukaushe hapo hapo kwa hewa ya vuguvugu, kwa maana bati tupu lililolowa hushika kutu mpya ya rangi ya chungwa ndani ya saa moja. Likikauka, zungusha oili nyepesi ndani.

Ukilirudisha garini, lisikae nusu. Usiku wa baridi unyevu wa hewa iliyo juu ya petroli hugeuka maji, yanazama chini, na kutu inaanza upya pale pale.

Jirani ana mashine ya kulehemu. Azibe tundu?

Nimeshakueleza habari ya kile kiatu. Tenki hulehemewa tu na mtu aliyeliosha kwa mvuke wa maji, akalipima kwa kifaa cha kupimia gesi, na akaacha nafasi ndogo kabisa ya hewa ndani. Kupulizia moshi wa eksozi ndani yake, kama wengi wanavyofanya, hakukupi uhakika wowote. Kama humjui mtu mwenye kifaa hicho, tundu dogo lisafishwe hadi bati jeupe na lizibwe kwa gundi ya epoksi iliyoandikwa kuwa inastahimili petroli.

Nimesikia sabuni huziba tenki. Kweli?

Kweli. Sabuni ya kipande, ile ngumu ya kufulia, ukiisugua kwenye tundu au ufa mwembamba, petroli haiyeyushi. Imewafikisha watu wengi nyumbani. Ubani wa kutafuna huyeyuka. Sabuni ni ya kukufikisha gereji, basi.

Geji haisemi ukweli. Niikague sasa?

Ndiyo, wakati tenki liko nje. Toa floti, lile boya linaloelea juu ya petroli, itingishe karibu na sikio: ikiwa na petroli ndani, itazama daima na geji itasema tupu. Kwa geji za umeme, weka mita kwenye nyaya zake na unyanyue mkono wa floti taratibu. Namba zipande au zishuke bila kuruka. Ile pete inayoikaza kwenye tenki igongwe kwa kipande cha mbao au shaba.

Mipira ya zamani bado inaonekana mizuri. Niirudishe?

Usirudishe hata mmoja. Kwenye Beetle hasa: mpira uliokauka karibu na kabureta umeteketeza magari mengi, na kasha la injini ile lina metali ya magnesi ambayo ikishika moto haizimiki kirahisi. Nunua mpira ulioandikwa kuwa wa petroli. Mpira wa maji utavimba na kulainika kabla mwezi haujaisha.

Nimerudisha kila kitu. Niwashe?

Bado. Tia lita tano tu, ngoja nusu saa, pitisha karatasi nyeupe ya shashi kwenye kila kiungo. Ikiwa kavu, jaza, ngoja tena, rudia. Ndipo betri irudi, waya wa hasi mwisho.

Gari linakwenda vizuri mjini lakini linazimika nikipanda Timboroa. Nimebadilisha pampu mara mbili.

Ndugu, angalia njia ya hewa ya tenki kabla hujanunua pampu ya tatu. Petroli inapotoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Kipira cha kupumulia kikizibwa na matope au nyigu, au kikibanwa siku ya kurudisha tenki, pampu inavuta mpaka inashindwa, na mlima mrefu ndio unaoonyesha. Siku ikizima, shuka, fungua kifuniko cha kujazia taratibu na utege sikio. Ukisikia "fyuuu" hewa ikiingia, na gari likawaka mara moja, ugonjwa ni huo: toa kile kipira, kipulize, na kama hakipitishi pumzi, kibadilishe.